Kiwavi wa Bibi

Mchicha pori ukichemka hunuka udongo uliolowa mvua, na kiangazi kile harufu hiyo ilijaa korido nzima ya jengo letu pale Lawrence Heights. Nilikuwa na miaka tisa. Bibi mzaa mama alikuwa amekuja Toronto kutoka Korogwe kumsaidia mama kulea mtoto mchanga, lakini chakula kilimshinda. Spinachi za dukani alizipindua, akazinusa, akazisukuma. "Hata mdudu kazikataa, mimi nani?" Akaanza kuulizia tiketi ya kurudi. Mimi roho iliniuma, maana hakuna mtu aliyekuwa akiniita mke mwenzake na kunitania kutwa nzima ila yeye.

Kilichomtuliza ni magugu. Nyuma ya maegesho ya magari mchicha pori uliota wenyewe, na kila tulipoupita vinondo vidogo vya kahawia, mfano wa vipepeo, viliruka miguuni petu. Majani mengine yalikuwa yamekunjwa, yameshonwa kwa utando, na ndani kumelala kiwavi wa kijani, mtoto wa nondo wale wale. Bibi akimkuta alifurahi kweli. "Shamba halina sumu hili, mke mwenzangu. Chuma!" Kiwavi tulimwachia jani lake, sisi tukachuma ya jirani. Jioni bibi alikula ugali akamaliza, na habari za tiketi zikapoa.

Sasa baba, Mungu ambariki, akaona viwavi wanatafuna mboga ya mkwewe. Akanunua dawa, akapuliza majani yote, akarudi amejaa furaha. "Mama, nimewamaliza!" Bibi alikwenda kutazama, akakuta viwavi wamekauka, akarudi chumbani na kuanza kukunja kanga zake ndani ya sanduku. Baba alisimama mlangoni ameshika kopo, hajui aliweke wapi. Masikini baba.

Nilitoka mbio, huku nalia. Nilizunguka majengo mpaka kwenye uzio wa uwanja wa mpira, nikaona mchicha mwingine na majani yaliyokunjwa. Nikachuma na viwavi wake, nikammwagia bibi mapajani. "Bibi, hawa wazima. Usiende." Kiwavi mmoja akaanza kupanda kanga. Bibi akamtazama, akaangua kicheko, mwili mzima ukitikisika. "Haya, umenishinda. Kalete sufuria." Alikaa nasi mpaka mtoto akaanza kutembea.

Bibi amefariki, na pale petu wamebomoa wanajenga upya. Mchicha siku hizi nanunua kwenye duka la Wajamaika, umefungwa vizuri, msafi, hauna hata tundu. Binti yangu anaupenda, ila akiona doa tu anatupa jani zima, nami simgombezi. Juzi nilikuwa naosha fungu moja nikakuta jani limekunjwa, nikalifungua, kiwavi mzima akanyanyua kichwa. Nililia pale pale kwenye sinki, mpaka mume wangu akaja mbio akidhani nimejikata.