Dawa ya Magoti Katikati ya Maombi

Ndugu zangu, namshukuru Mungu kwa vidonge nilivyoandikiwa na daktari, maana sasa naweza kupiga magoti tena. Alinionya kwamba vinaleta usingizi. Mimi, mzee wa kanisa, nikameza kimoja nikielekea kwenye maombi.

Siku hiyo tulimwombea Mama Bea. Binti yake alitakiwa kupanda boti kesho yake, kutoka hapa Kisangani hadi Basoko, na mto ulikuwa umechafuka. Mama alitaka Mungu amwambie kama amruhusu. Nikapiga magoti, nikafumba macho. Nilipoyafumbua, wote walikuwa wamenizunguka, mikono juu, wengine wakilia.

“Papa,” Mama Bea alisema, “Bwana amekuonyesha nini? Kweli mutoto aende?”

Nikisema aende, na boti ikazama? Nikisema asiende, nitakuwa nimemzuia kwa jina la nani? Na nikisema ukweli, nitasimamaje tena mbele ya watu hawa? Niliomba msamaha kimoyomoyo.

“Mama, sikuonyeshwa kitu. Nilimeza dawa ya magoti. Nililala.”

“Ulilala? Na ile lugha ya Roho uliyokuwa unanena?”

“Nilikuwa nakoroma, mama.”

Hakuna aliyecheka. Mama Bea akageuka polepole kumtazama Dada Henriette, ambaye kanisani kwetu ndiye hutafsiri lugha za Roho.

“Alors, dada, ile ‘aende salama’ wewe uliitoa wapi?”