Katani Isiyo Mkonge

Nilisomea uzalishaji wa mbegu Morogoro, nikafanya kazi kwenye mtama na mahindi kwa miaka michache, kisha nikaolewa Toronto na kuachika hukohuko Toronto. Kwa muda mrefu hakuna mtu katika jiji lile aliyeniuliza habari za mtama. Nilikuwa napanga biskuti kwenye maboksi kiwandani, nimesimama kutwa nzima, mpaka nilipoitwa kwenye usaili kwa mzee mmoja aliyekuwa anatafuta mtu wa kumsaidia kwenye kitalu nyumba chake, banda la kioo la kuoteshea mimea, kaskazini ya Markham, pale nyumba kubwa zinapokoma na mashamba yanaanza.

Mzee yule alikuwa Mhindi, Mwismailia, mfamasia aliyestaafu. Aliniuliza maswali mawili kwa Kiingereza, akashusha macho kwenye karatasi zangu, akasita.

"Umesoma Morogoro wewe?"

"Ndiyo, mzee."

"Sasa mbona tunateseka na Kiingereza?"

Alizaliwa Tanga, wazazi wake wakiwa na duka la dawa, na aliondoka akiwa kijana miaka ya sabini. Kiswahili chake kilikuwa kilekile alichoondoka nacho, safi, hakina hata neno moja la siku hizi. "Basi wewe ni bibi shamba," akasema. Tangu siku hiyo hakuniita jina jingine.

Kazi yenyewe ilikuwa kutafuta aina mpya ya mmea ambao Kiswahili hakina jina lake zuri. Ni ndugu wa bangi, tena ndugu wa tumbo moja, ila umechaguliwa vizazi na vizazi mpaka ile kemikali inayolevya imekaribia kwisha, ikabaki nyingine isiyolevya, ambayo madaktari wengine huwapa wagonjwa. Serikali ilikuwa imeruhusu kuulima kwa leseni. Mzee alikuwa na sababu yake. Binti yake wa pekee, mwanamke mzima aliyekuwa akiishi naye, alikuwa na kifafa tangu utotoni. Dawa za kawaida zilimsaidia nusu nusu. Daktari wake alikubali ajaribu mafuta ya mmea ule, na mwezi wa kwanza hali ikawa nafuu. Mwezi wa pili wakanunua chupa nyingine, yenye karatasi ileile na jina lilelile, na binti akaanguka mara tatu katika wiki moja.

"Si chupa moja na si mmea mmoja," mzee aliniambia. "Mimi nimeuza dawa maisha yangu yote. Kidonge cha leo lazima kiwe sawa na cha kesho. Nataka mmea wa namna hiyo."

Basi tukawa tunautafuta. Mmea ule una madume na majike. Mimi nilikusanya chavua, ule unga wa njano wa ua dume, nikaipaka kwa brashi ndogo kwenye ua la jike nililolichagua, kisha nikalifunika kwa mfuko wa karatasi ili chavua nyingine isiingie. Baadaye tulivuna mbegu, tukazipanda, tukapeleka majani na maua maabara, tukabakiza mimea michache na kung'oa iliyobaki. Kung'oa ndiyo ilikuwa kazi hasa. Kila tulipopata mmea wenye dawa nzuri, ulikuwa dhaifu: baridi ikianza tu, ukungu mweupe unaufunika kama umemwagiwa unga wa ngano.

Wakati huo mama alikuwa amekuja kuishi nami mtaa wa Thorncliffe Park, ghorofa ya tisa. Usiku wake wa kwanza aliniuliza nafanya kazi gani. Nilikuwa nimejiandaa.

"Tunazalisha mbegu za katani, mama."

Sikusema uongo. Katani ndilo neno lililoko kwenye kamusi ya Kiingereza na Kiswahili kwa mmea ule. Lakini mama alizaliwa kambi ya mkonge huko Korogwe. Baba yake alikata mkonge mpaka miiba ikammaliza mikono, na kwa mama, katani ni mkonge na mkonge ni katani. Uso wake uling'aa.

"Kumbe hata Kanada kuna mkonge! Babu yako angefurahi."

Hapo ndipo ningesema. Nikamwongezea chai.

Mwezi haukuisha, wanawake wote anaoswali nao walikuwa wanajua kwamba binti yake ni mtaalamu wa mkonge. Kisha akaanza kutaka singa, zile nyuzi ndefu za mkonge, asuke vikapu na wenzake.

"Kifungu kimoja tu, mwanangu. Hawatakunyima."

"Bado haijakomaa, mama."

"Mkonge gani huo usiokomaa?"

"Baridi, mama."

Nilimdanganya hivyo karibu mwaka mzima. Siku moja nikasahau simu yangu nyumbani. Nilichelewa kwa sababu ya theluji, mzee akawa na wasiwasi, akapiga. Mama akapokea. Mazungumzo hayo sikuyasikia, lakini kila mmoja wao amenisimulia mara nyingi, na maelezo yao hayatofautiani sana. Walisalimiana. Wakagundua wote ni watu wa Tanga. Wakaulizana mitaa, wakaulizana nani alikuwa mwalimu wa nani. Mama alipoona wamezoeana vya kutosha, akaomba singa.

"Singa za nini, dada yangu?" mzee akauliza.

"Za mkonge wenu."

"Mkonge? Sisi hatulimi mkonge. Sisi tunalima bangi." Akafikiri kidogo, akaona si vizuri kuacha hivyo. "Lakini ile isiyolevya."

Niliporudi jioni mama alikuwa ameketi sebuleni na koti langu jingine la kazi miguuni. Alikuwa amelinusa.

"Nilikusomesha kwa kuuza maandazi, uje ulime bangi Ulaya?"

"Mama, hii hailevyi."

"Kama hailevyi, kwa nini ulinificha?"

Nililichukua koti, nikaenda kulitundika. Siku nne alinipikia, akanifunikia sahani, akaingia chumbani kwake kabla sijavua viatu. Angenitukana ningeona afadhali. Nilikuwa nakula peke yangu mezani nikisikia redio yake upande wa pili wa ukuta, mwanamke wa miaka thelathini na kitu nimenuniwa kama mtoto aliyeiba sukari.

Mzee alipojua alichokifanya alihuzunika kweli. "Mlete," akasema. "Aone kwa macho yake." Nilimpelekea mama ujumbe huo nikiwa nyuma ya mlango wa chumba chake. Akajibu kutoka ndani, "Nitakwenda. Sitaki kumsengenya mtu ambaye sijamwona."

Alikuja amejifunga kanga juu ya koti la baridi. Alipoingia ndani ya kitalu nyumba alisimama, akavuta pumzi, akageuka kunitazama. "Ni ileile," akasema. "Usinidanganye tena. Harufu hii naijua toka kambini, nyuma ya ghala."

"Ni ileile, mama," nikakubali.

Mzee hakujitetea. Alimletea kiti, akamimina chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa yake, akamweleza habari za binti yake tangu alipoanguka kwa mara ya kwanza akiwa darasa la pili. Mama alisikiliza, kikombe mkononi, hanywi.

"Sasa majani haya yatamponya?"

"Hapana. Sidhani. Yanampunguzia, siku nyingine. Mimi nataka tu nijue siku hiyo ni ipi."

Mama akanywa chai yake. Alipomaliza akainuka, akaanza kupita kati ya mistari mikono ikiwa nyuma, kama anakagua mahindi ya jirani. Karibu na mlango palikuwa na pembe iliyopigwa na upepo wa baridi kila mlango ulipofunguliwa. Mimea ya pale karibu yote ilikuwa imeota ukungu, nasi tulikuwa tumeifunga yote utepe mwekundu ili ing'olewe. Mama alisimama mbele ya mmoja, mfupi, uliopinda, matawi yake yameelekea upande mmoja.

"Huyu naye mnamwua?"

"Ana umbo baya, mama," nikasema. "Hawezi hata kusimama wima."

"Sikukuuliza umbo. Wenzake wote wamekufa, yeye hana hata doa. Mimi mbegu ya mahindi nilikuwa natoa kwenye pembe mbaya ya shamba. Pale kwenye rutuba kila mbegu inaota."

Mzee alinitazama. Mimi niliyekuwa na shahada ya kazi hiyo nilitazama chini. Nilifungua utepe.

Majibu ya maabara yalipokuja, dawa ndani ya mmea ule ilikuwa kidogo mno, na kwa siku mbili nilimwonea mama huruma. Lakini mzee alisema tusiutupe; kwa kuwa ulikuwa dume, tuutumie kuwa mzazi. Tukaupandisha na jike letu dhaifu lenye dawa nzuri, na watoto wao tukawapandisha tena na lile jike. Ikatuchukua miaka. Tuling'oa maelfu. Kiangazi kimoja dume moja lilifungua maua bila sisi kujua, likachavusha chumba kizima, tukatupa kila kitu na kuanza upya. Siku hiyo mzee alichukua ndoo, akaanza kung'oa mstari wa kwanza, nami nikaanza wa pili.

Binti yake alikuwa anakuja mara moja moja kutusaidia kuandika lebo. Kiswahili alikisikia vizuri ila alijibu kwa Kiingereza, na mama, aliyekuwa ameanza kuja kitaluni siku alizokuwa na nafasi, alimsemesha Kiswahili tu bila kujali. Mama alimsuka nywele pale kwenye kiti cha plastiki. Siku binti alipoanguka, mama ndiye aliyemlaza ubavu na kumwekea kanga chini ya kichwa, akimwambia pole, pole mwanangu, mpaka ikapita.

Mavuno matatu mfululizo yalipotoa majibu yanayolingana, mzee aliisoma karatasi ya mwisho akiwa amesimama, kisha akaomba miwani yangu akaisoma tena. Alitaka kusema kitu kwa Kiingereza, akaacha, akataka kwa Kigujarati, akaacha, mwisho akasema tu, "Haya, bibi shamba." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

Binti yake bado huanguka. Huanguka mara chache zaidi, na chupa ya mwezi huu haiwashtui tena nyumbani. Mzee amestaafu kwa mara ya pili, chumba cha mbegu amekiacha mikononi mwangu. Sheria ilipolegezwa na maduka ya bangi yakafunguliwa kila barabara, mwanamke mmoja alimtania mama baada ya swala ya Ijumaa kwamba sasa biashara ya binti yake imestawi. Mama alikuwa anavaa viatu. Alimaliza kufunga kamba zote mbili kabla ya kumjibu.

"Hao wa madukani siwajui," akamwambia. "Sisi tunatengeneza dawa."