Dhiil ya Mama Ndani ya Shimo la Chumvi

Siku mume wangu alipofariki, kabla jeneza halijatoka uani kwetu Garissa, kaka yake alikuja upande wa wanawake akasimama mlangoni. Ndiyo desturi. Aliuliza kama yupo aliyedhulumiwa na marehemu, aseme au asamehe. Kisha akanigeukia mimi. Nikajibu, "Nimemsamehe yote, na Allah amsamehe." Nilisema upesi. Sikuona la kufikiria. Miaka thelathini na minne ya ndoa, hakuwahi kuniinulia mkono wala sauti.

Eda ilipoisha, wifi yangu alikuja. Ni dada mkubwa wa marehemu, mwenye ulimi mkali na magoti mabovu.

"Vaa viatu vya kufunga, abaayo, dada yangu," akasema. "Tunakwenda kuona shimo la chumvi alilofanyia kazi baba yetu."

Nilidhani anataka kunitoa majonzi. Nikamfuata.

Shimo liko upande wa Tarbaj, mlango mdogo ubavuni mwa kilima cheupe. Zamani wachungaji walichimba humo chumvi ya ngamia. Siku hizi limezungushiwa seng'enge, na kuna kijana anayetembeza wageni.

"Inama, mathe," aliniambia, tochi ikiwa kichwani mwake. "Chumvi haijui mkubwa."

"Wewe tuangazie njia," wifi akamjibu. "Magoti yangu yaliinama kabla hujazaliwa."

Ndani mlikuwa na baridi, na ukuta ukiugusa vidole vinabaki na ladha. Tulitembea hadi chumba cha mwisho. Kijana akaeleza kwamba wakati wa vita vya shifta, miaka ya sitini, watu wenye bunduki walificha humo vitu walivyopora kwenye maboma: kengele za ngamia za kuchonga, mbao za kusomea Kurani, vigoda vya kulalia kichwa, vyombo vya maziwa. Walipanga kuvivusha mpakani wakaviuze. Wengine wakauawa, wengine wakakimbia, vitu vikabaki. Mchwa hawali penye chumvi. Vyote vilikuwa vimepangwa kwenye rafu, vizima kabisa, kama vilivyowekwa jana.

Nilikuwa nikivitazama tu kama mgeni, mpaka nikafika kwenye dhiil moja, chombo cha maziwa cha kusuka.

Wasukaji wote ninaowajua huzungusha ukili kuelekea kulia. Mama yangu huzungusha kushoto, kwa sababu vidole viwili vya mkono wake wa kulia viliungua utotoni. Nilipokuwa najifunza nikamwiga, alinipiga kofi. "Suka kama watu," alisema. "Mimi ndiye kilema hapa, si wewe."

Dhiil ile ilizunguka kushoto.

Mama aliolewa kule Diff. Mwezi haujaisha, wakaja watu usiku, wakamuua kaka yake, wakaondoka na ngamia aliyebeba nyumba yake yote, pamoja na vyombo. Hadithi hiyo nimeisikia maisha yangu yote.

Kijana akaona nimesimama. "Hicho kina habari yake," akasema. "Kuna mzee wa Garissa ndiye aliyetuonyesha chumba hiki. Baba yake alikuwa mlinzi wa mali hii, na yeye akiwa mtoto alikuwa akimletea maji hapa. Alikaa mbele ya hicho chombo mpaka tochi yangu ikaisha betri. Akasema ni cha mama mmoja wa Diff, na akija mtu wake apewe."

"Mzee yupi?"

"Jina sikumbuki. Ana kovu hapa." Akagusa kidevu chake.

Kovu lile nililiosha kwa mikono yangu siku ya maziko.

Nikakaa kwenye chumvi. Wifi hakuniinua. Alisema taratibu, "Aliniusia. Eda ikiisha, nikulete. Alisema yeye mdomo wake umekataa."

"Miaka thelathini na minne?"

"Wallahi."

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua, abaayo."

Kila Idi tulikwenda Masalani kwa mama, anakoishi na kaka yangu. Kila Idi mama alisimulia habari ya ngamia yule. Mume wangu alikuwa akimmiminia chai, ameinamisha kichwa, hasemi neno. Na mimi nilikuwa najivunia. Nilidhani ni adabu.

Kijana alitaka ushahidi. Nikamwambia apitishe kidole kwenye mshono wa dhiil ile, kisha kwenye zile nyingine. Akapitisha kwenye zote, akarudia. Akampigia simu mkubwa wake, nikatia kidole gumba kwenye karatasi, nikatoka nimeibeba chini ya shuka. Tukashika njia ya kurudi Garissa. Nilikuwa na neno moja tu kichwani: nilikwisha kumsamehe mbele ya watu, na lililosamehewa halikuwa langu. Mwenye haki hakuulizwa.

Juma lile lile nilikwenda Masalani. Niliiweka dhiil mapajani mwa mama, nikamweleza yote, sikupunguza kitu. Macho yake hayaoni vizuri. Alipapasa mshono kwa vidole vile viwili, akaingiza pua mdomoni mwa chombo.

"Imekufa moshi," akasema. "Inanuka chumvi."

Nikamwambia, "Hooyo, nakuomba umsamehe."

Akaishusha dhiil. "Alikuwa na umri gani alipokuwa akipeleka maji?"

"Saba. Labda minane."

"Huyo sina kesi naye. Mtoto hutumwa." Aliigeuza dhiil, akaipapasa tena. "Ila yule mtu mzima aliyekuwa ananimiminia chai, huyo niachie kwanza. Usiniharakishe kama ulivyoharakishwa wewe."

Kisha akaagiza makaa na vijiti vya kufukizia, maana dhiil hutiwa moshi kwanza ndipo itiwe maziwa. Nilifukiza dhiil mara tatu, nikaisuuza, nikatia maziwa. Aliyaonja akayatema. Nikarudia kufukiza.

Ni mwezi wa pili sasa niko hapa Masalani, na kila asubuhi nafukiza. Kila asubuhi anaonja. Bado hajayameza, na bado sijamuuliza tena.