Mwezi Niliowahakikishia Watu wa Kariakoo

Nakumbuka Jumamosi moja ya Ramadhani, mwanangu, niliposimama katika ukumbi wa tawi la chama pale Kariakoo na chaki mkononi, nikijiona mimi ndiye mwenye mbingu na funguo zake. Nilikuwa msichana wa Kichaga niliyepanga chumba Magomeni, msaidizi wa utafiti katika idara ndogo iliyochunguza nyota. Siku zile za Ujamaa msomi hakuachwa ajifungie na vitabu vyake. Alitakiwa awarudishie wananchi elimu waliyomlipia. Basi Alhamisi tulifanya semina sisi kwa sisi, na Jumamosi alasiri mmoja wetu alikwenda Kariakoo kuwaeleza watu habari za jua, mwezi na nyota.

Kwenye semina zetu kulikuwa na desturi. Mkuu wetu, Daktari Mbonea, mtu mpole lakini king'ang'anizi, alimtaka kila msemaji aandike kwenye pembe ya ubao yale asiyokuwa na hakika nayo, kabla hajaulizwa swali hata moja. Pembe yangu ilijaa siku zote. Lakini Kariakoo sikuiandika. Nilidhani watu wa sokoni wanataka hakika tu, na mashaka ni mambo ya wasomi. Ulikuwa ujinga wa ujana, na majivuno pia, nisijisafishe.

Siku hiyo alisimama Bi Mwanaidi, mpishi wa shughuli zote za mtaa ule. Miaka hiyo nyama ilikuwa foleni, mchele foleni. Watu wa mtaa walikuwa wamempata ng'ombe mmoja wa Idi kwa taabu kubwa, wakamkabidhi yeye.

"Binti, mwezi utaonekana Jumatatu au Jumanne?" aliuliza. "Nataka kujua nichinjishe lini."

Nikapiga hesabu mbele yao. Mwezi mpya ungezaliwa Jumatatu mchana.

"Jumatatu, mama. Hilo halina wasiwasi."

Wakanipigia makofi, nami nikayapokea. Nilijua, mwanangu, kwamba mwezi wa saa chache ni mwembamba mno, tena huzama mara tu baada ya jua, na macho huukosa. Nilijua, nikanyamaza, maana "huenda" ingenipunguzia makofi.

Jumatatu alasiri Bi Mwanaidi akachinjisha. Magharibi watu wakajaa barabarani kuutafuta mwezi, wasiuone. Majokofu yalikuwa ya wachache, kwa hiyo nyama ikagawiwa na kuliwa futari ileile. Watu wakafunga siku moja zaidi, na Idi ilipofika, watoto waliovaa nguo mpya wakala wali na maharage. Lawama zote zikamwangukia Bi Mwanaidi. Walisema ana pupa, na kwamba shughuli inayofuata atafutwe mpishi mwingine.

Alhamisi kwenye semina nikajitetea kuwa hesabu zangu hazikuwa na kosa hata la dakika. Daktari Mbonea akazikagua, akakubali. Kisha akauliza polepole, "Kule Kariakoo, kwenye pembe ya ubao uliandika nini?"

"Sikuandika kitu, Mzee."

"Sisi hapa tukikosea tunafuta ubao, basi. Yule mama ana mtaa mzima unaomsubiri. Sasa nani aliihitaji pembe ile zaidi?"

Nililia palepale mbele ya wenzangu, wala sioni haya kukuambia.

Jumamosi nikamfuata Bi Mwanaidi nyumbani kwake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho kwenye mchele aliokuwa akichagua. Nikamweleza yote. Akauweka ungo chini.

"Ungeniambia 'huenda', ningesubiri," alisema. "Mimi mpishi, mwanangu, kusubiri nimezoea. Sasa haya uliyoniambia mimi, kawaambie na wao."

Tukaenda pamoja ukumbini, watu walikokusanyika. "Ndugu wananchi," nikasema, "Bi Mwanaidi hakuwa na pupa. Alichinjisha kwa neno langu, na nilipolitoa nilikuwa na mashaka, nikayaficha." Hakuna aliyepiga makofi. Lakini balozi wa nyumba kumi, ambaye ndiye aliyemsema vibaya kuliko wote, aliinuka akaenda kumwomba radhi mbele ya watu. Harusi ya binti yake ilipofika, aliyepika ni Bi Mwanaidi.

Mwanangu, wewe unayesoma sasa, kesho watu watakuuliza mambo na kupanga maisha yao kwa jibu lako. Usimtazame mtu ukaona hakusoma, ukampa hakika usiyokuwa nayo. Unapompa ujuzi wako mpe na mashaka yako, kwa sababu akiumia ataumia yeye, si wewe. Na ukikosea, usimwache mwingine abebe aibu yako. Rudi palepale ulipokosea, useme kwa sauti ileile uliyokosea nayo.

Mungu akupe akili pana na ulimi mkweli, na siku utakayoteleza akukutanishe na mtu wa kukusamehe kama alivyonisamehe mimi yule mama.