Aliyechomoa Mfuko kwenye Ekzosi Yangu

Sauti iliyonibaki kichwani ni ya mfuko wa plastiki ukichomolewa kwenye ekzosi, bomba la moshi la pikipiki yangu.

Niliufunga mwenyewe leo asubuhi, nje ya gereji huku ughaibuni, mtaa wa Satwa, maji yasiingie nikiiosha. Nikaziba na tundu la ufunguo. Nikasubiri injini ipoe. Nilikuwa na ndoo, sabuni na kitambaa, basi.

Saa tisa nilitakiwa kuanza zamu ya kupeleka vyakula Jumeirah Lake Towers.

Akaja binamu yangu Kevo na marafiki zake wawili, na mashine ya maji ya presha aliyoiazima gereji.

"Dada, hii ni pikipiki, si mtoto mchanga. Yalla, sogea."

Nikamwambia asiguse. Akachomoa mfuko, akapiga maji kila mahali: ekzosi, nyaya, swichi. Wenzake wanacheka tu.

Nikajaribu kuwasha. Kimya. Hata taa haikuwaka.

Fundi akatoka, akauliza ni nani aliyeingiza maji humu.

Kevo, bila kupepesa macho: "Ni huyu. Wanawake na pikipiki, unajua tena."

Mwaka mzima nimekuwa nikimtetea huyu mtu nyumbani. Pale nilijiona mjinga.

Fundi anasema iachwe ikauke mpaka kesho. Zamu ndiyo imekwenda hivyo.

Mnaotaka kuniambia nina hasira nyingi, karibuni hapo chini kwenye maoni.

Kevo huiazima pikipiki hii kila Ijumaa. Ufunguo wa pili niliokuwa nimempa nimeshauchomoa kwenye mnyororo wake wa funguo, mbele ya wenzake. Hakuna aliyecheka.