Ng'ombe Aliyetoka na Sikio la Watu Wengine

Wajukuu zangu wa Mugumu wamenifanya hakimu wa sinema. Kila nikienda kuwasalimia wananikalisha kwenye kochi, wananipa chai, wananiwashia katuni, kisha wanakaa kimya kungoja hukumu. Safari iliyopita waliniwekea ya samaki anayelia machozi akiwa ndani ya maji. Nikawauliza, hayo machozi nani kayaona? Wakaniwekea nyingine, ya birika linalozunguka dunia kutafuta kifuniko chake. Hiyo niliisifu, kwa sababu mvuke wake ulikuwa ukigeuka nyumba, ukageuka mlima, ukageuka mwanamke anayesuka nywele, na aliyeuchora ule mvuke ana kichwa kinachofanya kazi. Ile yao ya watu wazima, ya mwanamume anayeruka kutoka ghorofa hii hadi ile bila hata shati kuchomoka, niliilalia usingizi mzuri sana.

Wakiniuliza mimi ninapendekeza ipi, nawaambia ukweli: katuni bora niliyowahi kuiona ilihusu josho la ng'ombe. Wanacheka. Wacheke tu. Haipatikani, jina lake silijui, na kijiji kizima kiliikataa. Bado naipendekeza.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Tulikuwa tumetolewa kwenye vilima vyetu na kupangwa kwa mstari kando ya njia ya kwenda Nyamongo, kila boma likichungulia sufuria la mwenzake. Mimi nilikuwa mke mpya. Mume wangu alikuwa jeshini, huko kusini, na aliniachia mtoto mchanga na barua nzuri. Barua hainyonyeshi. Homa ilinishika baada ya kujifungua, maziwa yakakauka, na mtoto akawa anaishi kwa ng'ombe mmoja wa baba mkwe wangu, mwekundu mwenye paji jeupe, aliyekuwa na ndama.

Sasa ng'ombe wetu wa kienyeji ana masharti yake. Hatoi maziwa mpaka ndama wake aanze kunyonya. Ndama akifa, mama anafunga, na hata ukimbembeleza mpaka jua lizame utaondoka na kibuyu kitupu. Na mwaka ule ndama walikuwa wanakufa. Ndigana, homa inayoletwa na kupe, ilikuwa inapita boma kwa boma, kupe wamejaa masikioni mwa mifugo, na mimi kila asubuhi nilikuwa naenda kumtazama yule ndama kabla sijamtazama hata mwanangu. Nilikuwa naogopa, sisemi uongo. Nilikuwa naogopa mpaka nikilala nasaga meno.

Dawa ya kupe ilikuwepo. Serikali ilikuwa imejenga josho chini ya kijiji, handaki refu la saruji lililojaa maji ya dawa: ng'ombe anaruka huku, anaogelea, anatokea kule. Bwana mifugo alikuwa tayari. Wazee ndio hawakuwa tayari. Kumtosa ng'ombe kwenye maji yanayonuka, kwa sababu tu mtu mwenye kalamu mfukoni amesema, hilo kwao lilikuwa jambo la kufikiri kwa miaka kadhaa. Ndipo wilaya ikatuletea gari la sinema, lituelimishe.

Jua lilipokuwa linazama tulikuwa tumeshajaa uwanja wa shule. Shuka jeupe lilifungwa ukutani, jenereta likaanza kukohoa, na bwana sinema, kijana mwenye suruali iliyopanuka chini kama kengele, akatukaribisha kwa kipaza sauti. Kwanza ilikuja sinema ya viongozi wakipeana mikono. Walipeana mikono mpaka nikavionea huruma viganja vyao. Kisha sinema ya mbolea, ambamo mahindi yalisimama tu, na sisi tukayatazama, nayo yakatutazama. Watu walianza kutafuta watoto wao waondoke.

Halafu ikaja ile ya kuchora. Ee, jamani.

Kupe alichorwa bwana mnene wa suti na tai, kofia kichwani, amekaa juu ya ng'ombe ananyonya damu kwa mrija. Kadiri alivyonyonya, tumbo lilivimba, likavimba, mpaka likaijaza picha yote na milima ikasogea pembeni kumpisha. Jua lilivaa miwani, lisione aibu ile. Nyasi zilikuwa zinanong'onezana. Ng'ombe mwenyewe alikuwa na kope ndefu kuliko za bibi harusi, na sikio lake la kulia lilikuwa na pengo, yaani alama. Akaenda mpaka kwenye josho, akaruka. Shuka lote likawa bluu. Mapovu yakapanda, na ndani ya kila povu kulikuwa na kupe mmoja wa suti, ameshika kofia yake, anaomba msamaha. Povu likipasuka, kupe hayupo. Nilicheka mpaka mtoto akaamka mgongoni. Sijawahi kuona tena mtu akichora maji namna ile.

Ng'ombe akatokea upande wa pili, anang'aa, akageuka kuelekea nyumbani, akatabasamu.

"Sikio!" alipaza sauti baba mkwe wangu.

Sikio kweli. Nadhani aliyechora alikuwa mtu wa mjini, akaona uvivu kumchora ng'ombe upya, akaigeuza tu karatasi ili ng'ombe aangalie upande mwingine. Karatasi ikigeuka, pengo la sikio la kulia linahamia la kushoto. Mjini nani angejua? Lakini kwetu kila ukoo unakata sikio la ng'ombe kwa namna yake, na huo ndio utambulisho wa mnyama. Sikio la kulia ni ng'ombe wa watu fulani. Sikio la kushoto ni ng'ombe wa watu wengine kabisa, na siku ile watu hao wengine walikuwa wamekaa palepale uwanjani, upande wa goli.

"Ameingia wetu, ametoka wao," mzee mmoja akasema, bila hata hasira, kama anayesoma tangazo.

Watu wa upande wa goli wakaanza kusimama. Bwana sinema akashika kipaza sauti. "Ndugu wananchi, tulieni! Ng'ombe ni yuleyule!"

"Wewe mura," baba mkwe akamwita, maana kwetu kijana yeyote ni mura, "umewahi kuibiwa ng'ombe?"

"Hapana, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Basi kaa kimya."

Mwenyekiti wa kijiji, aliyeona fimbo zinaanza kunyanyuka, akamnong'oneza yule kijana kwamba wazee wanataka ng'ombe arudishwe. Kijana wa watu alifikiri kidogo, akabonyeza mtambo wake, na sinema ikaanza kurudi nyuma. Niliona ajabu ya pili usiku ule. Mapovu yalishuka badala ya kupanda. Kupe walifufuka wakavaa kofia. Ng'ombe akaingia majini kwa makalio, akachomoka upande alikotoka, na sikio lake lilikuwa la kulia. Tukashangilia! Watu wa goli walishangilia kuliko sisi.

Baba mkwe hakushangilia.

"Mbona anatembea kinyumenyume?"

Na hapo kesi ikawa mbaya zaidi. Mwizi wa ng'ombe anayeijua kazi yake humswaga mnyama kinyumenyume kwenye udongo laini, ili wanaofuata nyayo waelekee alikotoka. Kila mtu uwanjani pale alikuwa amewahi kufuata nyayo za namna hiyo, na wengine, tusidanganyane, walikuwa wamewahi kuziacha. Serikali ikawa sasa inafundisha na mbinu za wizi. Bwana sinema alikunja shuka lake bila kuaga.

Baada ya hapo hakuna aliyepeleka hata mbuzi. Bwana mifugo alikuwa akishinda peke yake kando ya josho lake, kama mtu aliyeoa na bibi harusi hakuja.

Nilitaka kusema, lakini mke hazungumzi uso kwa uso na baba mkwe. Katika boma letu mwiko huo ulishikwa vizuri sana. Mzee akitaka uji, alimwambia mbwa. Mbwa alikuwa anafahamishwa kuhusu uji, kuni na mvua, na mimi nasikia. Nami nikitaka kujibu, nilizungumza na mtoto.

"Mwanangu," nilimwambia mtoto asubuhi moja nikiwa nakamua, "yule ng'ombe alichorwa tu na mkono wa mtu. Mkono uliteleza."

Mzee alimgeukia mbwa. "Huku kwetu mkono unaoteleza kwenye sikio la ng'ombe tunaujua. Uko gerezani Musoma."

"Mwanangu, ndama ana kupe masikioni. Akifa, wewe utakunywa nini?"

Mzee aliinuka akaenda zake, na mimi nikamchukia. Nilimchukia hasa. Nilimwona mtu anayelinda heshima ya sikio la ng'ombe huku mjukuu wake anahesabika mbavu.

Wiki ile ndama wa jirani alikufa, ametoa povu puani. Baba mkwe alikwenda kuona. Aliporudi alipiga magoti kwa ndama wetu, akampapasa chini ya masikio kutafuta uvimbe, akapapasa tena. Siku ya josho ilipofika alimfungua ng'ombe mwenyewe.

Nusu ya kijiji ilitufuata. Hawakuja kuogesha, walikuja kutazama, na ilikuwa bure kama sinema. Ndama alikuwa mdogo, bwana mifugo akampaka dawa kwa mkono. Tatizo likawa mama yake. Mzee alitaka amshike kwa kamba mpaka upande wa pili. Bwana mifugo akakataa: kamba itamnasa miguu, atazama.

"Basi na mimi ninaingia," mzee akasema.

"Mzee, hii ni dawa ya kupe!"

"Nina kupe."

Alivua koti, akampa mama mkwe. Mama mkwe akaniambia nikasimame kule ng'ombe anakotokea, kwa sababu mimi ndiye ninayekamua na ndiye ninayekijua kiwele kile. Nikaenda, mtoto mgongoni. Nilikuwa bado natembea niliposikia kishindo. Ng'ombe ameruka, na baba mkwe wangu ameruka naye, ameshika mkia kwa mikono miwili. Maji ya dawa yalipanda hewani. Mzee alizama, akaibuka, akazama. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mama mkwe alikaa chini kabisa, koti usoni, mwili mzima unatikisika. Bwana mifugo alikuwa anakimbia na ndoo akipiga kelele, maji safi, leteni maji safi!

Ng'ombe alipanda ngazi za saruji mbele yangu, anatiririka, na nyuma yake mzee, macho ameyafumba kwa nguvu, mkia hajauachia. Alisimama. Hakuwa anaona kitu. Alisikia mtoto analia na akageuzia uso upande wangu.

"Mama mtoto! Ni yeye?"

Mtoto wa kuzungumza naye alikuwa analia. Nilitafuta mbwa. Hakuwepo. Hakuna mwingine aliyekuwa karibu, na wote waliokuwa mbali walikuwa wanacheka, hawawezi kujibu.

"Ni yeye, baba."

"Tazama sikio."

"La kulia, baba."

"Tazama kiwele. Tazama vizuri, mama."

Niliinama, nikatazama. "Ni kilekile ninachokamua kila siku."

Dawa ilikuwa inamtiririka usoni.

"Kwa sababu wakimbadilisha," akasema, polepole, kama mtu anayeeleza jambo lililomkosesha usingizi, "huyo mwingine hamjui ndama wetu. Hatamtolea maziwa. Mtoto atakunywa leo?"

"Atakunywa, baba," nikamwambia.

Ndipo akauachia mkia.