Udi Juu ya Tangi

Kuna msikiti hapa mtaani kwetu Mawaleh ambamo siku hizi naswali safu ya mwisho kabisa, karibu na viatu, imamu akitoa salamu nami nishafika mlangoni, na bora niseme sababu mwenyewe kabla hamjaisikia kwa shemeji zangu, maana wao wataongeza chumvi.

Baba mkwe ana karavani, kile kijumba cha magurudumu cha kuvutwa na gari, anaipenda kuliko baadhi ya wakwe zake (simtaji mtu). Msimu wa baridi wote tunapiga nayo kambi jangwani, joto likianza inafungwa uwanjani kwangu mpaka baridi irudi, na mwaka huu kazi ya kuifunga niliiomba mimi, nikitaka aniamini aniachie funguo msimu ujao bila ya kunisimamia. Nikaosha, nikatoa betri, friji nikaiacha wazi isifanye ukungu. Likabaki tangi la choo. Kulimwaga ni uivute karavani mpaka kwenye shimo la majitaka, mwendo mrefu kwenye jua lile, nikasema, ah, litakauka lenyewe. Baba mkwe akapiga simu: "Tangi ushalimwaga?" Nikamjibu, "Nshalimwaga, baba," bila hata kumeza mate.

Lakini harufu haikukubali uongo, basi Ijumaa nikafanya tufanyavyo majumbani kwetu: nikatia makaa kwenye chetezo mle karavani, nikaweka udi (ule wa mke wangu wa harusini, hajui mpaka leo), nikafunga madirisha ili ushike, nikaenda kuswali.

Nilichelewa kutoka kwa kutafuta kiatu. Kufika nyumbani, moshi unatoka kwenye paa la karavani na nusu ya msikiti iko uwanjani kwangu, makanzu meupe, kila mtu anatoa amri. Nikasema, "Ni udi tu jamani," nani anisikilize? Jirani yangu, mtu wa msaada kupita kiasi, keshaifunga kwenye gari lake aiondoe ukutani. Akavuta. Bomba la chini ya tangi likakwama kwenye ukingo wa bustani, likakatika, na vyote vya msimu mzima vikamwagika miguuni mwa wasaidizi.

Aibu niliyoiona siku ile siwezi kuieleza. Baba mkwe, aliyekuja kula chakula cha mchana, akapandisha kanzu mpaka magotini, akatazama chini, kisha akanitazama mimi.

"Naam," akasema taratibu, "sasa ndo ushalimwaga."

Tangu hapo nikiulizwa kama nimefanya jambo, nasema bado, hata kama nimeshafanya. Funguo sikupewa. Na popote udi unapofukizwa, baba mkwe hunigeukia mimi kwanza: "Leo umeficha nini?"